Himaya ya Skyrim: nani dhalimu hasa?

Mpwa wangu aliniuliza swali wiki iliyopita, nikakosa jibu. "Mjomba, wewe ungekuwa upande gani?" Alikuwa mbele ya kompyuta akicheza Skyrim, gemu iliyotoka mwaka 2011 na ambayo vijana hawajaichoka. Nikavuta kiti. Nilipoinuka ilikuwa saa sita za usiku na mke wangu amenuna.

Gemu yenyewe yaanza kwa kuivua nguo Himaya. Wewe mchezaji umekamatwa mpakani, mikono imefungwa, wapelekwa Helgen kukatwa kichwa. Askari mwenye orodha atazama, jina lako halimo. Amuuliza kapteni wake. Kapteni amwambia aachane na orodha, mtu akauawe. Ukishaona hayo, utawapenda vipi?

Lakini habari ina mizizi. Miaka 26 kabla ya siku hiyo, Himaya ilitoka vitani na Thalmor, watawala wa elfi wanaojiona bora kuliko binadamu. Mji mkuu ulitekwa, ukakombolewa kwa damu nyingi, jeshi likabaki hoi. Mfalme Mkuu akatia saini mkataba. Sharti mojawapo: marufuku kumwabudu Talos, binadamu aliyepandishwa cheo akawa mungu wa watu wa Skyrim.

Mimi Muislamu, na binadamu kuabudiwa silikubali hata kwa mchezo. Ila maafisa wa Thalmor kuzunguka nchi ya watu wakiwakamata kwa sababu ya ibada yao, hilo nalo ni dhulma, na Himaya ndiyo iliyowafungulia mlango.

Wanaoitetea wasema ilinunua muda wa kujijenga upya. Mhunzi wa kijiji cha Riverwood aeleza kwamba zamani marufuku hiyo haikufuatiliwa, kila nyumba ilikuwa na kijisanamu chake, mpaka Ulfric na wafuasi wake walipopiga kelele hadharani. Hoja hiyo ina uzito. Kisha nikasikia ya Hammerfell: mkataba ule uliwataka watoe sehemu kubwa ya ardhi yao ya kusini, wakakataa, Himaya ikawatupa. Wakapigana peke yao miaka mitano zaidi na Thalmor wakaondoka. Basi ule muda ulinunuliwa kwa mali ya nani?

Nikawa karibu kusimama na waasi. Mpwa wangu akanipeleka Windhelm, mji wa Ulfric. Elfi weusi waliokimbia volkano kwao wamerundikwa mtaa mmoja mchafu, na walevi wawatukana usiku. Waargonia, watu wenye umbo la mijusi, wabeba mizigo bandarini lakini hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta. Hapo nilinyamaza kidogo. Uhuru anaoupigania Ulfric una orodha yake pia.

Na kuna faili la siri ambalo mchezaji aweza kulipata kwa Thalmor. Lasema Ulfric amewafaa sana, bila yeye kuwa mtumishi wao mtiifu, na kwamba hawataki ashinde. Wataka vita viendelee tu, ndugu wamalizane.

Nilimwambia mpwa wangu ningechagua Himaya, shingo upande. Akacheka: "Wale waliotaka kukuchinja?" Yeye alikuwa amejiunga na waasi. Juzi nilipopita nikamkuta ameanza upya, yuko milimani awinda mazimwi, na vita hajavigusa.