Mtaro Huchimbwa Kuanzia Chini

Masika yakaribia, na mama zetu wa mitaa ya mabondeni hapa Mombasa wajua watakachoinua kwanza: misahafu, godoro, gunia la unga. Maji yaingiayo si ya mvua tupu. Yamepita vyooni, na chumba yalichokiingia hakisaliwi mpaka kitwaharishwe.

Tumewaona vijana wakijitolea kuzibua mtaro, nasi twawaombea kheri. Ila aghalabu huanza juu, penye baraza na mazungumzo, wakaacha chini kumezibwa na tope na nepi, ambazo, tuseme kweli, hazikupeperushwa na upepo. Hapo maji huteremka kwa kasi zaidi, yakamwishia jirani wa mwisho. Sheria yetu haituruhusu kujiondolea madhara kwa kumhamishia mwenzetu.

Basi kazi na ianzie pale mtaro unapomwaga, ipande kuelekea juu. Shikeni kamba na pimamaji. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita hutosha kuyaendesha maji. Tope lisiachwe ukingoni, kwani mvua ya kwanza italirudisha. Aliyejenga ngazi juu ya mtaro aiondoe, aweke mfuniko wa zege unaoinuka. Hili ndilo huleta ugomvi, kwa hivyo wazee watangulie kumwendea kwa upole.

Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua mijini. Barua na iandikwe, itiwe sahihi na kila nyumba, ile ya chini kabisa ikitangulia.