Sange, Paa na Siha ya Msitu

Wapitao barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malindi huutazama msitu wa Arabuko-Sokoke, na kwa kuwa wauona umesimama, umetanda kijani hadi upeo wa macho, husadiki kwamba u mzima. Lakini mti huchukua miaka mingi kufa, ilhali mnyama aliyenaswa kitanzini hufa kwa usiku mmoja. Basi atakaye kuijua siha ya msitu sharti ainamishe macho, atazame penye majani makavu.

Huko ndiko aishiko sange wa kiuno cha dhahabu, kinyama chenye pua ndefu na miguu myembamba, ambacho sehemu kubwa ya waliosalia duniani wamo katika msitu huu wa kiasi cha kilomita za mraba 420. Riziki yake ni wadudu, buibui, majongoo na nyungunyungu, awafukuao katika majani yanayooza. Hulala katika kiota cha majani kilicho juu ya ardhi, nacho hukijenga alfajiri, majani yangali yamelowa umande, yasije yakatoa mchakacho wa kumwarifu adui; wala hana kimoja, bali huhamahama baina ya kadhaa. Na maadamu mwenyewe ni mwepesi mno wa kukimbia, wataalamu walionelea afadhali kuvihesabu viota, na kwa hesabu hiyo wakakisia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwako sange kiasi cha 20,000, na kufikia 1996 kiasi cha 14,000.

Hata hivyo ushahidi wa mmoja hautoshi. Sange hutushuhudia habari za majani na wadudu; paa nunga, aliye adimu sana hapa na ambaye hupatikana pia Unguja, hula majani, maua na matunda yaangukayo, mara nyingi yale yadondoshwayo na kima, kwa hiyo akitoweka na chakula kingaliko, hapana budi kuishuku mitego na mbwa wa wawindaji. Panya buku naye hufukia mbegu, nyingine akazisahau zikaota, lakini aghalabu hustahimili pale paa wasipostahimili, na msitu uliobakiwa na panya watupu si wa kujivunia. Wala wingi wa aina pekee usitughuri, kwani ukingoni, palipokatwa miti, huingia wanyama wa nyikani wakaikuza hesabu. La kuuliza ni kama wale wa kivulini wangaliko.

Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, kazi hii ya kuwachunguza wanyama wa kivulini hufanywa kwa kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama apitapo. Mwaka 2005 moja yao, katika msitu wa Ndundulu, ilimnasa sange mwenye uso wa kijivu, aliyetangazwa kuwa aina mpya mwaka 2008, naye ni mkubwa kuliko sange wote wajulikanao. Tangu 2009, katika msitu wa Mwanihana, kamera zimekuwa zikiwekwa kila mwaka katika vituo vilevile 60, hata aina iliyoanza kupungua ikaonekana katika daftari kabla mti mmoja haujaanguka.