Maganda ya Matunda na Chakula cha Samaki: Faida Yake, Mipaka Yake na Haki Yetu



Sisi tunaofanya kazi katika viwanda vya kukamua matunda hapa Kigali twajua jambo ambalo mnywaji wa maji ya nanasi halioni. Kila lori la matunda liingiapo mlangoni, sehemu kubwa ya mzigo wake haifiki katika chupa. Nanasi huacha ganda na kiini. Embe huacha ganda na kokwa. Marakuja, ambayo wenzetu wa Mombasa huyaita pasheni, huacha ganda nene na mbegu. Makapi hayo yote huzolewa, hupakiwa, na mengi huishia katika jalala la Nduba.

Upande wa pili yuko mfugaji wa samaki. Katika kazi yake, nusu ya gharama au zaidi huliwa na chakula cha samaki. Basi watu wamekuwa wakituuliza: kwa nini msiwape wafugaji maganda hayo, samaki wakala, na jalala likapumua? Swali ni zuri. Lakini jibu lake lahitaji hesabu, na leo twataka tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Tilapia, ambaye Tanzania huitwa perege au sato, ndiye samaki afugwaye zaidi katika mabwawa yetu. Ili akue vizuri, chakula chake chahitaji protini kiasi cha asilimia 28 hadi 32, na vifaranga huhitaji zaidi ya hapo. Sasa tutazame ganda la nanasi. Kilo 100 za maganda mabichi zaweza kuwa na kilo 85 za maji. Tukiyakausha vizuri tunabaki na kilo 17 hivi. Katika kilo hizo 17, protini ni kama kilo moja tu. Zilizobaki ni sukari, wanga na nyuzinyuzi, na samaki hawezi kusaga nyuzinyuzi nyingi kama afanyavyo ng'ombe.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: maganda huchukua nafasi ya pumba, hayachukui nafasi ya dagaa wala soya. Anayemwambia mfugaji kwamba atalisha samaki maganda matupu anamdanganya.

Hata hivyo mabwawa hayalingani. Samaki aliyefungiwa ndani ya kizimba ziwani, kama katika Kivu au Muhazi, hutegemea karibu kabisa kile anachotupiwa, hivyo chakula chake lazima kiwe kamili. Lakini samaki wa bwawa la udongo lililotiwa samadi na majani hupata protini nyingine katika vijimea na vidudu vidogo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani. Huyo ndiye anayeweza kufaidi zaidi nyongeza ya bei nafuu itokayo katika matunda.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Baadhi yetu tulikuwa na bwawa la ushirika bondeni. Siku ya Ijumaa tulichukua magunia ya maganda mabichi, tukayamwaga majini kwa furaha. Jumapili alfajiri tulikuta samaki wakihema juu ya maji, na jua lilipotoka wengi walikuwa wamekufa. Haikuwa sumu. Maganda yalikuwa yakioza, na vijidudu vinavyoozesha vilikuwa vimemaliza oksijeni ya maji. Usiku ndipo oksijeni hupungua, kwa sababu mimea ya majini haitengenezi oksijeni gizani. Makosa yalikuwa yetu, na tunayaeleza ili wengine wasiyarudie.

Basi njia iliyo sawa ni hii:

1. Makapi yachambuliwe siku ileile yanapotoka kwenye mashine. Plastiki, vibandiko na yaliyoota ukungu yaondolewe. Maganda ya parachichi na kokwa zake yasitumike kabisa, kwa maana yana persini, sumu inayodhuru wanyama wengi.

2. Maganda yakatwe vipande vidogo, yaanikwe juu ya vichanja na si chini, mpaka yavunjike mkononi. Msimu wa mvua, jua likikosekana, yashindiliwe ndani ya pipa lisilopitisha hewa yachachuke. Asidi itakayojitengeneza huzuia kuoza.

3. Kokwa za embe zipasuliwe, kiini kiloweshwe na kuchemshwa, maji yamwagwe, ndipo kikaushwe. Kiini kina wanga na mafuta, ila kina ukakasi unaomzuia samaki kutumia protini.

4. Yaliyokauka yasagwe na kuwekwa mahali pakavu. Chakula chenye unyevu huota kuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho.

Kwa mfano, mchanganyiko wa kilo 100 waweza kuwa hivi: unga wa dagaa kilo 20, mashudu ya soya kilo 30, pumba za mchele kilo 25, unga wa matunda kilo 15, unga wa muhogo wa kugandishia kilo 8, na chumvi za madini na vitamini kilo 2. Ukijumlisha, protini inafika asilimia 29 hivi. Samaki wapewe kilo 2 hadi 3 kwa siku kwa kila kilo 100 za uzito wao. Huku kwetu milimani maji yakipoa wapunguziwe, maana tilapia akisikia baridi hula kidogo, na chakula kisicholiwa huharibu maji.

Iko njia nyingine ya kupata protini. Makapi ya matunda hulisha funza wa nzi askari mweusi, na funza hao wakikaushwa huwa na protini kama asilimia 40. Njia hii yapunguza haja ya kusaga dagaa, ambao ni kitoweo cha watu wa kipato kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama. Siku makapi yatakapopata bei, patatokea kazi mpya: kuchambua, kukata, kuanika na kusaga. Nani ataifanya, na kwa saa zipi? Maji ya nanasi yana asidi na kimeng'enyo kiitwacho bromelini, ambacho huyeyusha protini. Ndiyo sababu viganja vyetu huchubuka. Vumbi la kusagia nalo huingia mapafuni.

Kwa hiyo, kabla gunia la kwanza halijauzwa, twataka makubaliano ya maandishi: glovu, mabuti na barakoa vitolewe, saa za kuanika zihesabiwe kuwa saa za kazi, na sehemu ya mapato iingie katika mfuko wa wafanyakazi. Haya si maneno ya kupinga maendeleo. Ikiwa ganda lililotupwa jana leo lina thamani, basi mkono unaolipa thamani hiyo nao uthaminiwe.

Ndugu, zungumzeni jambo hili katika matawi yenu, na mapendekezo yenu yaletwe mkutanoni.