Mtihani Umekaribia: Tuwe Harun kwa Watoto Wetu

Kila unapokaribia mwezi wa Novemba, watahiniwa wa Kidato cha Nne huombewa dua misikitini. Mwaka mmoja, baada ya swala ya Ijumaa, mzazi mmoja alisimama akaomba mwanawe aombewe, kisha akaongeza kwamba nyumba nzima inamtegemea na haitarajii chini ya daraja la kwanza. Sote tuliitikia amina. Jioni nilimkuta kijana yule penye mabomba ya kutawadhia, mikono ikimtetemeka. Akaniuliza: “Ustadhi, kuuogopa mtihani ni upungufu wa imani?”

La hasha. Nabii Musa (a.s.) alipoamrishwa kumwendea Firauni, hakuficha hofu yake. Katika Surat Twaha tunasoma kwamba alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amsahilishie jambo lake na amfungulie fundo la ulimi. Kisha akaomba apewe msaidizi katika jamaa zake: Harun, nduguye. Ombi hili la mwisho latuhusu sisi wazazi. Mwenye hofu huhitaji jamaa wa kumtia nguvu, si wa kumwongezea mzigo.

Basi nyumbani tupunguze kazi na makelele, na tusimlinganishe mtoto na wa jirani. Usiku wa kuamkia mtihani, kalamu, rula na namba yake ya mtihani viandaliwe mapema, naye alale baada ya Isha. Kukesha huchosha akili ile ile atakayoitegemea asubuhi. Aamke Alfajiri, aswali, ale chakula chepesi, na atoke mapema asije akafika akihema.

Ndani ya chumba cha mtihani, hofu huharakisha moyo na kufupisha pumzi, hata aliyoyahifadhi yakamtoroka. Hapo aweke kalamu chini, aseme Bismillahi, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, mara tano au sita. Asome maagizo na maswali yote, aanze na lile analolimudu, na agawe muda wake. Swali likimkwamia, aliache na alirudie baadaye. Mara nyingi kumbukumbu hurejea moyo ukishatulia. Akishatoka, asikae kubishana na wenzake juu ya majibu, kwani karatasi iliyokusanywa haibadiliki, na nyingine inamngoja.

Tawakali haiondoi maandalizi, wala maandalizi hayaondoi tawakali. Mwanafunzi ameamrishwa juhudi. Matokeo yako kwa Allah.

Nilimweleza mzazi yule niliyoyasikia. Alinyamaza kitambo, akainamisha kichwa. Usiku ule, baada ya Isha, niliwaona wameketi barazani mwa msikiti, mkono wa baba begani kwa mwanawe. Nikipita nilimsikia akisema: “Wewe ni mwanangu kabla ya matokeo, na ni mwanangu baada ya matokeo.”

Wazazi wenzangu, neno hilo tusiwacheleweshee watoto wetu. Wabillahi tawfiq.