Kabla ya Kununua Vigae Vipya, Kagua Mabomba ya Bafu na Sinki

Mwenye nyumba wa Thika au Ruiru anapoamua kurekebisha bafu, mara nyingi safari ya kwanza huwa ya dukani kuchagua rangi ya vigae. Vya zamani vinabanduliwa, vipya vinabandikwa, na kwa miezi michache bafu linapendeza. Kisha doa la kahawia linatokea kwenye dari ya mpangaji wa chini. Bomba lililokuwa likivuja ndani ya ukuta bado linavuja, ila sasa limefunikwa na vigae vya bei ambavyo lazima vivunjwe.

Ndiyo maana pesa za ukarabati zinafaa kuanzia mahali ambapo mgeni hatapaona: mabomba, mteremko wa sakafu na njia ya maji machafu. Kazi ya vigae ije mwisho.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Usiku, watu wakishalala, funga mifereji yote pamoja na valvu inayoingiza maji kwenye tangi la juu, kisha uandike namba za mita. Zisome tena baada ya saa moja. Zikiwa zimesonga, kuna maji yanayopotea kati ya mita na nyumba, na bili inaendelea kuyahesabu. Kwa choo, tia matone machache ya rangi ya chakula katika tangi lake dogo na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechakaa. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 20 kwa siku, na mara nyingi dawa yake ni washa ya mpira ya bei ndogo tu.

Katika mitaa yenye mgao wa maji kuna hasara nyingine inayojulikana sana. Mtu anafungua mfereji, anakuta hakuna maji, anauacha wazi na kwenda kazini. Maji yanarudi saa nane mchana, sinki limezibwa na sufuria, na jirani wa chini ndiye anayepiga simu.

Sinki la jikoni huziba kwa sababu ya mafuta kuliko kitu kingine chochote. Mafuta ya chapati au ya supu yakimwagwa yakiwa moto hupita vizuri, lakini hupoa ndani ya bomba na kuganda. Majani ya chai, wali na mabaki ya ugali hunasa hapo, na baada ya muda maji hayapiti. Afadhali kufuta sufuria kwa kipande cha gazeti kabla ya kuiosha na kuweka kichujio cha bei nafuu kwenye tundu la sinki.

Likishaziba, weka ndoo chini ya ile kona ya bomba yenye umbo la U, ambayo mafundi huiita trapu, kisha uifungue kwa mkono. Uchafu mwingi hukaa hapo. Kemikali kali za kuzibua zitumiwe kwa uangalifu, na dawa ya klorini ya kuondoa madoa isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu nyingi za ploti zina dirisha dogo mno la kuitoa.

Trapu ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Maji kidogo yanayobaki ndani yake huzuia harufu ya maji taka na mende kupanda hadi ndani ya nyumba. Fundi anayeiondoa ili “maji yapite haraka” anaifungulia harufu mlango. Hata trapu nzima hukauka bafu lisipotumiwa, kwa hiyo chumba cha wageni kinachonuka huenda kinahitaji jagi moja tu la maji kila wiki.

Sakafu ya bafu nayo inapaswa kuteremka kuelekea tundu la maji, angalau sentimita 1 kwa kila mita. Vigae peke yake havizuii maji, kwa maana hupenya kwenye maungio. Chini yake panahitajika tabaka la dawa ya kuzuia maji, nalo lipande kidogo ukutani, hasa upande wa shawa. Kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa, tundu lizibwe, sakafu ijazwe maji ya kina cha sentimita 2 au 3 na kuachwa saa 24. Dari ya chini ikibaki kavu, kazi iendelee. Fundi akidai kipimo hicho ni kupoteza muda, atafutwe mwingine.

Jambo ambalo halipaswi kuachiwa fundi wa mabomba ni shawa ya umeme, ile wengi huiita instanti. Shawa ya kilowati 5 huvuta takriban ampea 21, na haiwezi kuunganishwa kwenye soketi ya kawaida. Inahitaji waya wake kutoka kwenye boksi la umeme, swichi yake nje ya bafu mahali mkono wenye maji haufiki, waya wa ardhini unaofanya kazi, na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Nyumba zinazotumia maji ya kisima kirefu yenye chumvi zina hatari zaidi, kwani maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi. Dukani kuna shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Mtu akihisi mtekenyo wa umeme anapogusa mfereji, hata mdogo, azime umeme kwenye boksi na asioge hapo hadi fundi mwenye leseni ya EPRA aukague. Mtekenyo huo ni onyo, na mpangaji ana haki ya kumwambia mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Wengine huelekeza maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye manholi ya maji taka. Mabomba hayo hayakujengwa kwa wingi wa maji ya masika. Kati ya Machi na Mei hujaa, na uchafu hutokea vyooni na vyumbani kwa walio bondeni, kisha huingia mitaroni hadi mito ya Chania, Thika au Ruiru. Maji ya paa yaende kwenye tangi au mtaro wa mvua.

Anayetaka kuongeza choo au kubadilisha njia ya maji taka aulizie kibali cha kaunti kabla ya kuchimba, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Uunganishaji wa maji au wa maji taka hufanywa kupitia kampuni ya eneo, THIWASCO kwa wakazi wa Thika na RUJWASCO kwa wa Ruiru. Ofisi hizo pia ndizo za kuarifiwa bomba la barabarani likipasuka au manholi ikifurika.