Chaja ya Gari la Mtoto: Itazame Betri Kwanza

Iwapo mwanao amepata gari la umeme liendeshwalo kwa rimoti, usikimbilie dukani kununua chaja kwa kuvutiwa na wingi wa taa zake. Igeuze betri kwanza, uyasome maandishi yake.

Ikiwa imeandikwa NiMH, hiyo ni ya nikeli. Yenye seli sita hutoa volti 7.2, nayo huvumilia makosa madogo. Ikiwa ni LiPo, yaani ya lithiamu, seli mbili hutoa volti 7.4, na kila seli haipaswi kuvuka volti 4.2. Hapa ndipo penye hatari. Chaja ya nikeli haijui kusimama kwenye kikomo hicho. Betri ya lithiamu ikichomekwa humo yaweza kuvimba, kisha ikawaka moto usiozimika kwa urahisi. Itafutie chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye tundu la nyaya nyembamba za kusawazisha seli.

Kuhusu nguvu, hesabu ni nyepesi: betri ya miliampea-saa 3000 huchajiwa kwa ampea 3, ikajaa kwa muda wa saa moja hivi. Chaja ya ampea 1 itachukua saa tatu au zaidi, na mtoto gani atasubiri? Lakini mwendo huo wa pole una nafuu kuliko pupa.

Chajia juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na magodoro, wala usilale betri ikiwa kwenye umeme. Iliyovimba usiichaji tena, hata mtoto akilia.