BEGA BANDIA NA CHUMVI YA MWILI

Hapa Gongoni sote twaijua kazi ya chumvi. Mabati hutoboka, misumari hushika kutu, na baiskeli ya mwaka juzi utadhani ni ya babu. Ndiyo maana barazani nimesikia wazee waliobeba magunia ya chumvi tangu ujana wakisema, "Bega lauma, lakini chuma mwilini sitaki. Si kitaoza!" Swali hilo ni la maana, nami katika makala haya nitajaribu kulijibu.

Kwanza tulijue bega lenyewe. Mfupa wa mkono wa juu una kichwa cha mviringo mfano wa nusu chungwa. Kichwa hicho hukaa kwenye kikombe kidogo kilichoko katika kombe la mkono, ule mfupa mpana wa mgongoni. Nyonga ina shimo la kina, lakini kikombe cha bega ni kama kisahani tu. Kwa sababu hiyo twaweza kurusha mpira, kupiga makasia na kukwea mnazi. Na kwa sababu hiyo hiyo bega huteguka upesi. Kinacholishika ni misuli na kano zinazolizunguka, kwani jifya moja haliinjiki chungu.

Mahali mifupa inapokutana pamefunikwa na gegedu laini. Gegedu ikilika, mfupa husugua mfupa na mtu hawezi hata kujichana nywele. Sababu ni nyingi: uzee, baridi yabisi, kuvunjika baada ya kuanguka mnazini au kwenye pikipiki, na ugonjwa wa selimundu ambao huku pwani si mgeni. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa inayolisha kichwa cha mfupa. Kichwa hicho hufa, kikabonyea, hata kwa kijana wa rika letu.

Bega bandia si jambo la jana. Mwaka 1893, mjini Paris, daktari Jules-Émile Péan alimwekea mwoka mikate mmoja bega la platinamu na mpira. Bega la huyo bwana lilikuwa limeharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Lilimsaidia, lakini baada ya miaka kama miwili likatolewa kwa sababu ugonjwa ulirudi. Katika miaka ya 1950, Charles Neer wa New York alitengeneza kichwa cha chuma chenye mguu unaoingia ndani ya mfupa. Katika miaka ya 1970 akaongeza kikombe cha plastiki ngumu iitwayo polietilini.

Sasa turudi kwenye kutu. Mwili wetu kweli una chumvi. Maji ya dripu ya kawaida yana gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Msumari wa dukani ungeliwa humo. Lakini bega bandia hutengenezwa kwa titaniamu, au kwa mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Madini haya yakikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo huizuia chumvi isipenye, na ikikwaruzwa hujifunga tena yenyewe. Kwa hivyo hofu ya kuoza kama bati ni ndogo sana.

Je, hatari iko wapi? Hatari kubwa ni kulegea. Mguu wa chuma hushikwa na mfupa kwa njia mbili. Ya kwanza ni simiti ya mifupa. Hiyo si gundi bali hujaza nafasi, kama chokaa inavyoshika mawe ya ukuta. Ya pili ni kuukaza mguu wenyewe ndani ya mfupa kama mpini katika jembe. Uso wake huwa na vitundu vidogo vidogo, na baada ya miezi mfupa hai huota humo ukaushika.

Kazi ngumu hasa ni kikombe, maana mfupa wa kukishikilia ni mdogo. Mgongoni mwake hutiwa vigingi vidogo, au ubapa mmoja kama mkuku wa jahazi, kisha simiti. Kano za bega zikiwa zimekatika, kichwa hupanda juu na kukandamiza ukingo mmoja wa kikombe. Ukikaa ukingoni mwa mtumbwi, upande mmoja huzama na wa pili huinuka. Kikombe nacho hutikisika vivyo hivyo mpaka kikang'oka.

Jawabu la shida hiyo lilitoka Ufaransa. Mwaka 1985, Paul Grammont wa Dijon aligeuza mambo juu chini: tufe akaliweka kwenye kombe la mkono, na kikombe juu ya mfupa wa mkono. Siku hizi tufe hilo hukalia bamba lililokazwa kwa skrubu. Kwa mpango huo, msuli mkubwa wa nje ya bega waweza kuuinua mkono peke yake, hata kano zikiwa zimekwisha. Hiyo ni akili, si nguvu!

Tafiti za ng'ambo zimeonyesha kwamba zaidi ya mabega bandia 9 katika kila 10 hudumu miaka 10. Hata hivyo si ya milele. Vijidudu vyaweza kuingia, na kubeba mizigo mizito huharakisha kulegea. Kwa hiyo madaktari hawakimbilii kisu, hasa kwa kijana. Hujaribu kwanza dawa na mazoezi.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye maumivu ya bega yasiyokwisha aende hospitali mapema, aulize: kitashikwa na nini, na kano zangu zikoje? Na mwenzetu mwenye selimundu akisema mkono hauinuki, tusimwite mvivu. Tumbebee mkoba.

Wino umeniishia. Kwaherini.